Flashi Moja, Miaka Minne ya Dadangu

Wasee, leo tuongee historia, lakini si ile ya mtihani.

Mwaka jana laptopu ya dadangu iligoma hapa Migori mjini, wiki moja kabla awasilishe mradi wake wa mwisho chuoni. Kazi ya miaka minne ilikuwa humo, na hakuwa na nakala popote. Kwenye saiba ya kwanza jamaa alitazama skrini mara moja tu: "Hii ni kuformati." Yaani kufuta kila kitu. Dadangu akaanza kulia palepale kwa benchi.

Tukapanda matatu hadi Rongo, tukaunganisha nyingine ya Homa Bay, kwa fundi mmoja mzee mwenye kibanda kidogo. "Omera, nani amekuambia vitu vimepotea? Kilichokufa ni Windows, diski iko sawa." Akachomeka flashi, akawasha mashine huku akibonyeza F12. Linux ikafunguka kutoka kwa flashi yenyewe, bila kugusa Windows. Mafaili yote yalikuwa pale. Akayanakili, ndipo akarekebisha mashine.

Sasa, hiyo flashi ina ukoo mrefu. Kompyuta ikiwaka, programu ndogo kwenye ubao mkuu huuliza kwanza: mfumo endeshi uko wapi? IBM PC ya kwanza ya 1981 haikuja na diski kuu, kwa hivyo mfumo ulisomwa kutoka kwa flopi. Kuwasha kutoka nje ndiyo ilikuwa kawaida! Diski kuu zilipozoeleka, flopi ikabaki ya dharura, na nafasi yake ya MB 1.44 tu. Picha moja ya simu yako haingetosha. Kisha mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper akatoa Knoppix, mfumo mzima unaowaka kutoka kwa sidii.

Poa, lakini ungeipata vipi huku kwetu? Piga hesabu: sidii ya MB 700 kwa modemu ya kilobiti 56 ni kama saa 28 mfululizo, simu isikatike hata mara moja. Kebo ya SEACOM ilifika Mombasa 2009. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti. Kwa hivyo sidii zilitembea mkono kwa mkono. Ubuntu, mradi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulikuwa ukituma sidii za bure kwa posta hadi 2011. Fundi wetu anasema yake ya kwanza ilimfikia hivyo, na alikopesha nusu ya mji.

Na usidhani ni mambo ya zamani. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike liliangusha mashine kama milioni 8.5 za Windows duniani. Microsoft ilifanya nini? Ilitoa zana ya kutengeneza flashi ya uokoaji. Makampuni makubwa yakarudi kwa mbinu ya kibanda cha Homa Bay.

Maoni yangu ni haya: tunajua kununua simu kali, lakini hatujui kujiokoa. Flashi ya GB 8 inatosha kuanza. Ya fundi ameipanga mwenyewe: kwa Ventoy, iliyotoka 2020, ameweka Linux, Windows, kifaa cha kukagua diski na draiva za laptopu za mitumba, zote pamoja. Kumbuka tu kwamba kuitengeneza kunafuta kilichokuwemo. Na kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, andika ufunguo wake mahali salama, la sivyo hata flashi haitakusaidia.

Itengeneze leo, mashine ikiwa nzima. Ikishagoma, utakuwa unaomba mashine ya mtu.

Dadangu alihitimu. Siku hizi anatembea na flashi kwenye pete ya funguo, na mtu akitaja neno "kuformati" karibu naye, yeye husema tu: "Ngoja kwanza."