Masai Ujiri na Hukumu ya Historia: Tunapimaje Kazi ya Aliyefukuzwa?

Nyamirambo, mtaa niliokulia hapa Kigali, Kiswahili ni lugha ya dukani, ya gereji na ya uwanjani. Uwanjani ndiko nilikosikia jina la Masai Ujiri kwa mara ya kwanza, nikiwa sijui hata Toronto iko wapi. Kwa hiyo tarehe 27 Juni 2025, klabu ya mpira wa kikapu ya Toronto Raptors ilipotangaza kwamba rais wake huyo anaondoka, mkataba wake ukiwa umebakiza mwaka mmoja, ubishi ulituchukua jioni nzima. Wapo waliosema ameonewa. Wapo waliosema amechelewa kufukuzwa.

Mimi nilikuwa kundi la kwanza, na rasimu ya kwanza ya insha hii niliiandika kwa hasira ya kundi hilo. Mhadhiri wangu aliirudisha na maneno machache pembeni: huu ni utenzi wa sifa, si historia. Nilikasirika, kisha nikakubali. Katika ukanda wetu tumezoea kuandika habari za viongozi walioondoka kwa wino wa aina mbili tu, wa sifa au wa lawama. Mwanafunzi wa historia asipojizoeza kupima mtu anayempenda, siku ya kupima watu wakubwa zaidi atashindwa. Basi rasimu hii ya pili inauliza maswali matatu: Ujiri alikuta nini, alifanya nini, na aliacha nini?

Kabla ya hapo nieleze kazi yenyewe. Wengi wetu tumelelewa na soka, ambako kocha ndiye husifiwa au kulaumiwa. Katika ligi ya NBA, anayejenga timu ni meneja mkuu. Yeye huamua nani asajiliwe, nani aachwe na nani awe kocha. Kwa kawaida mchezaji hauzwi kwa fedha kama katika soka. Hubadilishwa na mchezaji mwingine, au na haki ya kuchagua chipukizi wa miaka ijayo. Mishahara nayo ina ukomo. Kwa hiyo kila uamuzi ni kamari ya wakati. Ukimtoa mchezaji mapema mno, unapoteza nguvu zake. Ukichelewa, mkataba unakwisha na anaondoka bure. Ujiri aliingia Toronto mwaka 2013 kama meneja mkuu. Mwaka 2016 akawa rais, na cheo cha meneja mkuu kikashikwa na wengine chini yake, ila neno la mwisho lilibaki lake.

Alikuta nini? Alikuta timu iliyoanzishwa mwaka 1995, ambayo katika misimu 18 ilikuwa imefika hatua ya mtoano mara 5 tu na kushinda raundi moja peke yake, mwaka 2001. Yeye mwenyewe hakuja mikono mitupu. Alizaliwa Uingereza mwaka 1970, akakulia Zaria, Nigeria. Baba ni Mnigeria, mama ni daktari Mkenya. Alianza kazi kama msaka vipaji wa Orlando asiyelipwa mshahara, akapanda hadi kuongoza Denver Nuggets. Mwaka 2013, baada ya Denver kushinda michezo 57, alipewa tuzo ya kiongozi bora wa mwaka wa ligi, akiwa wa kwanza kuipata ambaye si Mmarekani.

Kuna jambo moja la Denver ambalo litatusaidia mbele. Nyota wake, Carmelo Anthony, alitaka kuondoka na mkataba wake ulikuwa ukingoni. Ujiri hakukimbilia ofa ya kwanza. Alisubiri hadi Februari 2011, New York wakatoa wachezaji kadhaa wazuri. Subira ilimlipa.

Alifanya nini Toronto? Ndani ya miezi michache alimtoa Andrea Bargnani, kisha Rudy Gay, na msimu wa 2013–14 timu ikashinda michezo 48. Ukawa mwanzo wa misimu 7 mfululizo ya kufika mtoano. Lakini kila mwaka palikuwa na ukuta: Cleveland ya LeBron James iliitoa Toronto mwaka 2016, 2017 na 2018, mara mbili za mwisho bila Toronto kushinda hata mchezo mmoja.

Mwaka 2018 ndio ulioandika jina lake. Timu ilikuwa imeshinda michezo 59, zaidi ya msimu wowote katika historia yake. Hata hivyo, Ujiri alimfukuza kocha Dwane Casey, ambaye wiki chache baadaye alitangazwa kocha bora wa mwaka. Julai akampeleka San Antonio DeMar DeRozan, aliyekuwa Toronto tangu 2009 na kuipenda kuliko nyota yeyote kabla yake, pamoja na Jakob Poeltl na haki ya chipukizi wa raundi ya kwanza. Akawapokea Kawhi Leonard na Danny Green. Leonard alikuwa ametoka majeruhi na alibakiza msimu mmoja tu kabla ya kuwa huru kwenda atakako. DeRozan alisema wazi kwamba aliamini hatauzwa, na Ujiri akaomba radhi hadharani. Februari 2019 akamleta pia Marc Gasol. Tarehe 13 Juni 2019, Toronto waliwafunga Golden State 4–2 katika fainali na kuwa timu ya kwanza ya nje ya Marekani kutwaa ubingwa wa NBA. Pascal Siakam, Mkameruni aliyechaguliwa nafasi ya 27 mwaka 2016, alikuwa uwanjani. Na Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville, alikuwa naye. Leonard aliondoka mwezi uliofuata, bure. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu kombe lilikuwa kabatini.

Rasimu yangu ya kwanza iliishia hapo. Ndiyo maana ilikuwa utenzi.

Katika misimu 5 ya mwisho ya Ujiri, Toronto ilifika mtoano mara moja tu, mwaka 2022, ikatolewa na Philadelphia raundi ya kwanza. Msimu wa 2020–21 tunaweza kumsamehe, kwa kuwa janga la korona lilifunga mpaka wa Kanada na timu ikacheza michezo ya nyumbani Tampa, Florida. Tena kutoka katika shida hiyo alimpata Scottie Barnes, aliyekuja kuwa chipukizi bora wa mwaka 2022. Lakini Februari 2023 haina kisingizio. Timu ilikuwa ya wastani na mikataba ilikuwa inaelekea mwisho. Badala ya kuuza, alinunua: alimrudisha Poeltl yuleyule wa 2018 kwa haki ya chipukizi iliyokuja kuwa nafasi ya 8 mwaka 2024. Miezi mitano baadaye Fred VanVleet alikwenda Houston, na Toronto haikupata kitu. OG Anunoby aliuzwa New York Desemba 2023. Siakam aliuzwa Indiana Januari 2024, mkataba wake ukiwa umebakiza miezi. Msimu huo uliisha kwa ushindi 25, na uliofuata 30.

Mei 2025, Indiana na New York zilikutana katika fainali ya Kanda ya Mashariki. Siakam upande huu, Anunoby upande ule. Siakam akachaguliwa mchezaji bora wa mfululizo huo. Indiana ilipoteza ubingwa katika mchezo wa saba tarehe 22 Juni. Siku 5 baadaye Ujiri akaondolewa.

Wenzangu wa kundi la pili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sikubaliani nao. Methali hiyo inadai kwamba sifa zilimharibu, ilhali matendo yenyewe yanaonyesha mtu yuleyule. Aliyesubiri bei nzuri kwa Carmelo ndiye aliyesubiri bei nzuri kwa VanVleet. Mwaka 2011 subira ilileta wachezaji kadhaa. Mwaka 2023 haikuleta hata mmoja. Tofauti ya 2018 ni kwamba hakusubiri: aliivunja timu ikiwa kileleni, wakati bado ilikuwa na thamani ya kubadilishwa. Kosa lake la baadaye, kwa mtazamo wangu, ni kutolirudia jambo gumu alilolifanya mwenyewe.

Wapo pia wanaotaja wamiliki. Ni kweli kwamba wakati ule kampuni ya Rogers ilikuwa inakamilisha kununua hisa za Bell katika kampuni inayomiliki timu, na mmiliki mpya hupenda watu wake. Hilo linaweza kueleza kwa nini aliondoka siku ile. Haliwezi kufuta ushindi 25 na 30.

Mwisho ni swali la aliacha nini, na hapa ndipo sisi wa Kigali hupotea njia. Mwishoni mwa Julai 2025, mwezi mmoja baada ya kufukuzwa, Ujiri alikuwa hapa katika tamasha la Giants of Africa, taasisi aliyoianzisha mwaka 2003, na katika ufunguzi wa Zaria Court kule Remera, karibu na BK Arena. Vijana walitoka nchi nyingi za Afrika. Tulimshangilia, na tulikuwa na haki. Lakini nilikuwa nikitumia viwanja vya Remera kujibu maswali ya Toronto. Hayo ni madaftari mawili. Mwajiri wa Kanada hakumlipa ajenge Kigali, na mtoto wa Kigali hajali Poeltl aligharimu nini. Anayechanganya madaftari hayo, kwa sifa au kwa lawama, hajapima lolote.

Juzi nilirudi uwanjani Nyamirambo, wakaniuliza tena niko upande gani. Nikawaambia kombe la 2019 ni matunda ya uamuzi wake, si bahati. Na waajiri wake walikuwa na sababu ya kumwachisha kazi mwaka 2025. Kundi la kwanza lilinizomea. La pili nalo likanizomea.