Bomba limepita mlangoni, mita ishirini za mwisho analipa nani?

Wiki ya pili hii nimejichimbia kwenye historia ya maji ya Dar kwa ajili ya semina, na kila ninachofungua nakutana na Kibaha na Kisarawe. Sio Upanga wala Kariakoo. Kibaha na Kisarawe! Wale mnaotokea huko na mnaoitwa washamba kila Ijumaa mkishika njia ya nyumbani, leo kaeni mkao wa kula, maana hii ni historia yenu.

Tuanzie milima ya Pugu. Mto Kizinga unaanzia huko, upande wa Kisarawe, unateremka taratibu mpaka Mtoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Waingereza walikuwa na mtambo pale Mtoni wa kusafisha maji ya mto huo na kuyaingiza mjini. Yaani kwa lugha nyepesi, mtu wa Dar alikuwa anakunywa maji yaliyotoka kwa mtu wa Kisarawe. Huyo wa Kisarawe mwenyewe anakwenda kisimani na ndoo yake kichwani. Hakuna aliyeona ajabu, ndio ulikuwa utaratibu wa kikoloni: maji yanafuata ofisi na nyumba za wakubwa.

Mji ukakua, Kizinga ukaonekana kijito. Mwaka 1959 ukajengwa mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi, ambao siku hizi uko ndani ya Wilaya ya Kibaha, wenye uwezo wa lita milioni 82 kwa siku. Bomba lake likafuata Barabara ya Morogoro: Mlandizi, Visiga, Kibaha, Kibamba, Mbezi, Kimara, hilooo mpaka mjini. Mwaka 1976 ukaja wa pili, Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, lita milioni 182 kwa siku, Kanada ikisaidia. Wakumbukeni hao Wakanada, nitawarudia.

Sasa, mwaka 1959 ukipita na bomba Kibaha humkuti mtu wa kulalamika. Ni pori na mashamba. Lakini watu hufuata barabara, na kama kuna bomba pembeni ya barabara ndio kabisa. Mwaka 1963 nchi za Nordiki zikaanzisha mradi wao ambao leo ni Shirika la Elimu Kibaha, na mwaka 1970 wakaikabidhi serikali. Shule, hospitali ya Tumbi, baadaye makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Watu wakajaa Maili Moja, Picha ya Ndege, Kwa Mathias. Kwa hiyo kuna familia nyingi zilizojenga ndani ya sauti ya bomba kuu, na zikaendelea kununua maji kwa madumu. Wengine walichoka wakaenda kulitoboa usiku. Siwatetei, wizi ni wizi, ila ukiishi hatua hamsini kutoka kwenye bomba la lita milioni 82 na huna hata tone, usiku unakuwa mrefu.

Hapo ndipo swali langu lilipo. Bomba kubwa tunajua alilipa nani: serikali, ama kwa kodi, ama kwa mkopo, ama kwa mfadhili. Je, kale kabomba kembamba kutoka bomba la mtaani mpaka kwenye koki yako uani, alilipa nani?

Jibu la haraka: wewe. Na jibu hilo halijabadilika sana tangu mkoloni, hata tulipopita kwenye Ujamaa. Mwaka 1971 TANU ilipitisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini: ifikapo 1991 kila mwananchi apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka anapoishi, na ayachote bila kulipa. Lengo zuri sana, na mimi sio mtu wa kulicheka. Lakini angalieni lilivyopangwa. Ni bomba la kijiji, la kuchota. Nyumba ya mtu haimo. Ukitaka maji yaingie kwako ndani hiyo ni anasa yako, jigharamie.

Na halmashauri ambazo labda zingejiongeza? Kuanzia 1972 zilifutwa kwenye Madaraka Mikoani. Za miji zilirudi 1978 na za wilaya 1984. Ziliporudi, maji ya Dar yalishaanza kwenda mikononi mwa chombo cha taifa, NUWA, kilichoundwa kwa sheria ya 1981 na kuanza kazi 1984. Mwaka 1997 NUWA ikawa DAWASA, na eneo lake likaingia mpaka Kibaha na Bagamoyo. Kwa hiyo diwani wa Kibaha anaweza kugombana kuhusu maji mpaka sauti ikauke, bomba sio lake.

Mwaka huohuo wa 1991 ambao tulitakiwa tuwe tumemaliza kazi ya mita 400, ikaja Sera ya Maji ya kuchangia gharama, na ya 2002 ikakaza kamba zaidi. Maji ya bure yakaisha. Tukaingia zama za fomu: unajaza maombi, anakuja surveya, anapima kutoka bomba la mtaa mpaka kwako, unaletewa orodha ya mabomba, viungio, mita, ufundi. Ukiwa karibu na bomba unalipa kidogo. Ukiwa mbali unalipa sana. Na aliye mbali ni nani? Ni yule aliyenunua kiwanja cha bei poa kule ndani, bondeni, ambako gari haliingii. Mwenye hela kajenga barabarani. Yaani gharama imepangwa kichwa chini miguu juu, na haikuhitaji mtu mbaya kuipanga hivyo, futi kamba ya surveya inatosha.

Asiye na hela ya kuunganishwa haachi kutumia maji, anayanunua rejareja. Fanyeni hesabu wenyewe: uniti moja ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Ukinunua dumu kwa shilingi 100, uniti imekutoka 5,000. Chukua bili ya shangazi yako mwenye mita, linganisha. Na ruzuku yoyote serikali inayoiweka kwenye bei ya maji inakwenda kwa shangazi, kwa sababu ndiye mwenye mita. Wa dumu haioni.

Haya, sasa tufike kwenye sehemu iliyonifanya nikaandika hii badala ya kulala.

Wote tunaijua hadithi ya City Water, angalau juujuu. Agosti 2003 DAWASA ikakodisha shughuli za maji kwa miaka kumi kwa City Water, kampuni ya Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya hapa kwetu. Mei 2005 Waziri wa Maji wa wakati huo, Edward Lowassa, akatangaza mkataba umevunjwa, Juni mosi mabosi wa kigeni wakapakizwa ndege. Ikaundwa DAWASCO. Biwater wakaenda kwenye baraza la usuluhishi la ICSID, na Julai 2008 likaamua kwamba Tanzania ilikiuka baadhi ya wajibu wake, lakini hailipi fidia hata senti. Watu walishangilia. Ukimuuliza mwalimu wa uchumi, mwalimu wa sheria, au mpiga debe wa Ubungo, kila mmoja atakusimulia kwa namna yake: ubinafsishaji, mabeberu, uzalendo.

Ambacho hakisimuliwi ni kifungu kimoja kwenye mkataba huo. Ndani ya bei ya maji kulikuwa na kipande kidogo kilichotengwa kwa ajili ya mfuko wa kuwaunganisha wateja wapya wa majumbani kwa mara ya kwanza, hasa wa kipato cha chini. Someni tena hapo. Kila aliyekuwa na mita, pamoja na wa Kibaha, akilipa bili yake alitakiwa awe anamchangia jirani asiye na mita apate bomba lake la kwanza. Kampuni inakusanya, inapeleka kwenye mfuko, mfuko unalipia zile mita za mwisho. Kwenye mtiririko wote huu tangu Mtoni, hapo ndipo nilipokuta kwa mara ya kwanza mtu amekaa chini akaandika kwamba bomba la mwisho la maskini lilipiwe na wote.

Na miongoni mwa mambo ambayo upande wa serikali uliilaumu City Water ni hilohilo, kwamba hela za mfuko hazikuwa zinapelekwa inavyotakiwa. Halafu mkataba ukavunjika, makelele yakawa makubwa, na mfuko ukapotea katikati ya makelele. Tulishinda kesi. Mimi nafurahi tulishinda, sitaki mtu aje kunishika shati kimbwetani. Ila katika kumbukumbu za taifa tumebakiwa na picha ya wazungu uwanja wa ndege, na lile wazo la bei ya wote kumuunganisha asiye nacho tumelitupa pamoja na mkataba uliolibeba.

Baada ya hapo tulirudi kwenye tunachokiweza, bomba kubwa. Februari 2008 ukasainiwa mpango wa MCC na Marekani, Ruvu Chini ikapanuliwa kufika lita milioni 270. Ruvu Juu nayo, kwa mkopo wa India, ikapanda mpaka lita milioni 196 na ikazinduliwa pale Mlandizi Juni 2017, na tanki jipya Kibamba. Mwaka 2018 DAWASA na DAWASCO zikaunganishwa kuwa moja. Juni 2019 Rais Magufuli akazindua mradi wa Kibamba mpaka Kisarawe: shilingi bilioni 10.6, tanki la lita milioni 6.

Nilicheka peke yangu maktaba nilipoisoma hiyo. Miaka ya 1950 maji yanateremka yenyewe kutoka Kisarawe kwenda mjini. 2019 yanatolewa Ruvu, yanapita Kibaha, yanasukumwa kwa pampu kupanda mpaka Kisarawe. Na tanki likiwa pale juu ikapangwa yateremke tena kwenda Pugu na Gongo la Mboto. Hata hivyo kwa watu wa Kisarawe Boma ilikuwa sherehe ya kweli, na walistahili. Miaka sitini kuangalia maji yakienda kwa wengine sio mchezo.

Lakini uzinduzi ni wa tanki. Hakuna kiongozi anayekata utepe wa koki ya uani kwa mtu. Tanki likishajaa, surveya yuleyule anarudi na futi yake. Kilichobadilika, na nakipongeza, ni kwamba mamlaka zimekubali kuunganisha kwa mkopo, unakatwa kidogokidogo kwenye bili. Inasaidia sana kwa mwenye mshahara au duka. Kwa mama anayeuza vitumbua mkopo ni deni tu lenye mita juu yake, akishindwa anakatiwa maji na deni linabaki.

Kuna jamaa atasema hela ya umma haiwezi kuingia ndani ya uzio wa mtu. Kwa nini isiweze? Uganda mwaka 2004 shirika lao la maji, NWSC, lilibadilisha utaratibu: ukiwa ndani ya mita 50 kutoka bomba la mtaa, vifaa vya kukuunganisha vinatoka kwao, gharama inafidiwa na wateja wote. Ivory Coast wana historia ndefu ya mfuko wa namna hiyo. Na wale Wakanada wa Ruvu Chini? Kule Toronto nyumba nyingi zina vyumba vilivyochimbwa chini ya ardhi, mvua ikizidi maji machafu yanarudi kinyumenyume kwenye bomba na kuvijaza. Agosti 2005 ilipiga mvua moja wakafurikiwa nyumba maelfu. Halmashauri yao inamrudishia mwenye nyumba sehemu kubwa ya gharama akifunga valvu ya kuzuia maji yasirudi na pampu ya kuyatoa. Valvu hiyo iko ndani kwa mtu, chini ya sakafu yake binafsi! Wanalipa kwa sababu bomba la nyumba moja na bomba la mtaa ni kitu kimoja, likiharibika huku linaharibika kule.

Kwetu hoja hiyo ina nguvu zaidi, kwa sababu nyumba isiyo na bomba Kwa Mathias haimwathiri mwenye nyumba peke yake. Kuna mtoto anayechelewa shule na dumu mkononi, kuna kipindupindu, kuna bomba kuu linalotobolewa usiku na maji yanayomwagika kabla hayajafika Kimara.

Na kuna jambo dogo la mwisho, ambalo wenye nyumba wanalijua ila sisi wa hostel hatulifikirii. Ukishalipia mabomba, viungio, mtaro na fundi, mita ikafungwa, ile mita ni mali ya mamlaka, na kipande cha bomba kutoka mtaani mpaka kwenye mita kiko chini ya mamlaka. Hela zilikuwa zako wakati wa kununua tu. Kama ni la umma baada ya kufungwa, mimi bado sijampata mtu wa kunieleza kwa nini siku ya kulinunua lilikuwa la kwangu.