Kilichoandikwa Nyuma ya Mfuko wa Mbwa

Mtu anayetaka kumbadilishia mbwa wake chakula kikavu huiweka mifuko miwili ubavu kwa ubavu na kuisoma orodha ya viambato kuanzia juu. Uliotanguliza kuku unanunuliwa. Uliotanguliza mahindi unarudishwa rafuni. Desturi hiyo haikosi mantiki, kwa kuwa kanuni za Marekani, ambako chakula hiki kilikulia, zinataka viambato viandikwe kwa kufuata uzito, kizito zaidi kikitangulia. Tatizo ni kwamba orodha inaulizwa swali lisilo lake. Ukifuatilia chakula kikavu cha mbwa tangu kilipoanza kuuzwa, utaona kwamba viambato vyake vimeamuliwa zaidi na mabaki ya viwanda vingine, na matakwa ya mtambo, na sheria za kumbana mfanyabiashara mdanganyifu. Lishe ya mbwa iliingia kwenye mazungumzo ikiwa imechelewa, na orodha ya viambato haikuundwa kwa ajili ya kuipima.

Mwanzilishi wa biashara hii, James Spratt, hakuwa daktari wa mifugo wala mfugaji. Alikuwa Mmarekani kutoka Ohio aliyekwenda London kuuza vikinga radi. Inasimuliwa kwamba aliwaona mbwa bandarini wakigombania biskuti ngumu za mabaharia, zile zilizokaa melini miezi na miezi bila kuoza, akapata wazo. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 akaanza kuuza keki za mbwa zilizookwa kwa unga wa ngano, mboga, na kile alichokitangaza kuwa sehemu za nyama ya ng'ombe wa mbuga za Marekani, zilizokaushwa bila chumvi. Wanunuzi wake walikuwa mabwana wa Kiingereza wenye mbwa wa kuwinda, watu waliozoea kuagiza kila kitu dukani. Nyama yenyewe ilikuwa ya sehemu gani hasa na ilipatikana wapi, Spratt aliifanya siri maisha yake yote. Kwa hiyo chakula cha kwanza cha mbwa kilichotengenezwa kiwandani kiliuzwa kwa jina na ahadi tu. Na matangazo yalitosha: Charles Cruft, kijana aliyeajiriwa na kampuni hiyo, ndiye aliyekuja kuanzisha mwaka 1891 maonyesho ya mbwa yanayobeba jina lake hadi leo. Tangu mwanzo, maonyesho ya mbwa na uuzaji wa chakula chao vilikwenda pamoja.

Marekani ikafuata njia yake. Mwaka 1922 P. M. Chappel wa Rockford, Illinois, alianza kuuza Ken-L Ration, nyama ya farasi ndani ya makopo. Kwa nini farasi? Mbwa hawakuwa na haja maalumu nayo. Trekta na gari zilikuwa zimewaondoa farasi mashambani na barabarani, wakabaki wengi wasio na kazi na wa bei ya chini, na Wamarekani wengi hawali nyama hiyo. Makopo yakatawala soko hadi vita vilipoingia. Marekani ilipojitosa katika Vita vya Pili vya Dunia, bati liliwekewa mgawo kwa ajili ya jeshi, na chakula cha mbwa hakikuhesabiwa miongoni mwa mahitaji ya lazima. Watengenezaji wakageukia unga na biskuti zinazofungwa kwenye mifuko ya karatasi. Wenye mbwa wakazoea ukavu kwa sababu bati lilikuwa limekwenda vitani. Hakuna utafiti wa lishe uliokuwa umewaambia kwamba ukavu ni bora.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyotupa punje tunazozijua, na inafaa kuitazama kwa makini maana ndani yake mna jibu la ubishi mwingi wa leo. Mwaka 1957 kampuni ya Ralston Purina ilileta sokoni Purina Dog Chow, iliyotengenezwa kwa mtambo wa aina iliyokuwa tayari inatumika kwenye nafaka za kifungua kinywa. Unga wenye maji unapikwa kwa mvuke na shinikizo kubwa ndani ya bomba lenye parafujo, unasukumwa kupitia matundu, na unapokutana na hewa ya nje unafura ghafla. Kisu kinaukata, tanuri inaukausha, kisha punje zinapuliziwa mafuta na ladha ili mbwa asizikatae. Mtambo huo una sharti lake: bila wanga wa kutosha, punje haishikani wala haifuri. Mahindi, ngano na mchele viliingia kwa sababu ni rahisi na vinatia nguvu, lakini pia kwa sababu mtambo unavidai. Mahindi yanayoongoza orodha yanakuambia mengi kuhusu kiwanda na bei ya nafaka, na machache kuhusu kama mbwa atanawiri.

Sheria nayo ilitoka upande mwingine kabisa, upande wa ng'ombe. Katika miaka ya 1860 Wilhelm Henneberg na Friedrich Stohmann, kwenye kituo cha utafiti cha Weende karibu na Göttingen, Ujerumani, walibuni njia ya kukichambua chakula cha mifugo kwa mafungu: unyevu, protini ghafi, mafuta, nyuzinyuzi, majivu. Mwaka 1883 Johan Kjeldahl, katika maabara ya kampuni ya bia ya Carlsberg mjini Copenhagen, akapata njia nyepesi ya kupima nitrojeni, na protini ikawa inakadiriwa kwa kuizidisha nitrojeni hiyo kwa 6.25. Mwaka 1909 maofisa wa majimbo ya Marekani wanaosimamia vyakula vya mifugo waliunda chama chao, AAFCO, ili kanuni zisitofautiane kila ukivuka mpaka wa jimbo. Shabaha ilikuwa kumlinda mkulima asiuziwe makapi kwa bei ya mashudu. Jedwali la protini, mafuta, nyuzinyuzi na unyevu lililo kwenye mfuko wa mbwa leo ni mtoto wa Weende, na orodha ya viambato ni mtoto wa hofu ile ile ya kuibiwa.

Chombo kilichotengenezwa kuzuia wizi kinaweza kutumiwa kupamba bidhaa bila sheria yoyote kuvunjwa. Kiambato hupimwa kabla ya kupikwa, pamoja na maji yake. Chukua mchanganyiko wa kilo 100 wenye kilo 25 za kuku mbichi na kilo 20 za mahindi. Kuku ataandikwa kwanza. Lakini takriban asilimia 70 ya kuku mbichi ni maji, na maji hayo karibu yote hupotea kiwandani. Kinachobaki ni kilo saba na nusu. Mwenzake aliyetia kilo 20 za unga wa kuku, wenye unyevu usiozidi asilimia 10, amebakiwa na kilo 18 au zaidi, ila kwenye orodha yake huenda mahindi yakaongoza. Njia nyingine ni kuyagawa mahindi katika majina mawili, unga wa mahindi hapa na gluteni ya mahindi pale, kila moja likishuka chini ya nyama. Jina la mbele ya mfuko nalo lina hesabu yake: kwa kanuni za AAFCO, chakula kinachojiita kuku moja kwa moja kinatakiwa kiwe na asilimia 95 ya kuku, maji ya kutengenezea yasipohesabiwa, kinachojiita mlo wa kuku, asilimia 25, kinachosema kina kuku ndani yake, asilimia 3 zinatosha, chenye ladha ya kuku kinatakiwa tu ladha hiyo itambulike. Ukivuka bahari, mambo yanabadilika tena, maana sheria za Umoja wa Ulaya zinaruhusu mtengenezaji aandike kundi zima, kwa mfano nyama na mazao ya wanyama, asitaje kimoja kimoja. Kulinganisha mfuko wa Marekani na wa Ulaya kwa kutumia orodha pekee ni kazi bure.

Atatokea wa kusema: hata hivyo, si orodha inatufichulia takataka? Mazao ya ziada ya machinjioni, kwa mfano, yanaonekana palepale. Ni kweli yanaonekana, ila sioni sababu ya kuyaogopa kama walivyofundishwa kuyaogopa wanunuzi wa Marekani. Maini, mapafu, bandama, figo na utumbo ndivyo vinavyoingia kwenye fungu hilo. Msomaji aliyelelewa kwa supu ya kongoro, matumbo na mutura hahitaji kuelezwa kwamba kiungo kisichouzwa kwa bei ya steki kinaweza kuwa na lishe kuliko steki yenyewe. Malalamiko yenye uzito ni mengine: pale mfuko unapoandika unga wa nyama na mifupa bila kumtaja mnyama, mnunuzi hajui analipia nini, na mzigo wa mwezi huu unaweza kutofautiana na wa mwezi ujao. Hapo orodha inasaidia, kwa kuwa inaonyesha nani amekubali kutaja na nani amekwepa.

Mwingine atasema basi tuache orodha, tutazame namba. Namba nazo zimewahi kuuza uongo, na tukio lake kubwa lilikuwa la mwaka 2007. Mwezi Machi mwaka huo Menu Foods ya Ontario, Kanada, iliyokuwa ikitengeneza chakula kwa niaba ya kampuni nyingi, ilianza kuondoa sokoni bidhaa zake baada ya paka na mbwa kufa kwa figo kushindwa kufanya kazi. Chanzo kilikuwa shehena kutoka China iliyouzwa kama gluteni ya ngano na kutiwa melamini, kemikali ambayo theluthi mbili ya uzito wake ni nitrojeni. Kipimo cha Kjeldahl kinaona nitrojeni. Hakijui imetoka wapi. Namba ya protini ilitoka nzuri, na aliyesoma orodha aliona gluteni ya ngano, kiambato cha kawaida. Mwaka uliofuata hila hiyo hiyo iligundulika katika maziwa ya watoto wachanga nchini China, wakaugua takriban 300,000. Kuna pia kisa kisicho na mhalifu. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka waliokuwa wakila vyakula vya kiwandani vilivyokubalika walipata ugonjwa wa moyo kutanuka kwa upungufu wa taurini. Kila mstari wa lebo ulikuwa sahihi.

Hoja iliyopata wafuasi wengi kuliko zote ni ile ya mbwamwitu: mbwa ametokana na mla nyama, nafaka hazimfai. Mwaka 2013 Erik Axelsson wa Uppsala na wenzake walichapisha uchunguzi wa jeni ulioonyesha kwamba mbwa wana nakala nyingi za jeni inayosaidia kumeng'enya wanga, wakati mbwamwitu kwa kawaida ana mbili tu. Mbwa amebadilika akiwa jirani wa mkulima. Mbwa wengi wa Afrika Mashariki, wanaoishi kwa ugali uliobaki na vichwa vya dagaa, huenda wasiwe na mlo kamili, ila wanga haujawashinda. Zaidi ya hapo, mfuko usio na nafaka hauna maana ya mfuko usio na wanga, maana mtambo bado unataka haki yake. Waliotoa mahindi na mchele walitia viazi, njegere na dengu. Mwezi Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba inachunguza taarifa za mbwa wenye ugonjwa wa moyo kutanuka, wengi wao wakiwa wanakula vyakula vyenye njegere, dengu au viazi kwa wingi. Uhusiano wa sababu na matokeo haukuthibitishwa, na mwishoni mwa 2022 FDA ilisema haitatoa taarifa mpya mpaka kuwe na ushahidi wa maana. Ni haki kusema kwamba kesi haijafungwa. Hata hivyo, watu walikuwa wamekimbia kiambato kilichojulikana kwa miongo wakaingia kwa kingine kilichojulikana kidogo, na kilichowaongoza ni orodha.

Basi mwenye mifuko miwili mbele yake alinganishe nini? Kwanza aondoe maji kwenye hesabu. Mfuko wenye protini asilimia 26 na unyevu asilimia 10 una protini karibu asilimia 29 ya kitu kikavu. Kopo lenye protini 8 na unyevu 78, linaloonekana duni, lina zaidi ya 36. Pili, asome ile sentensi ndogo inayosema chakula ni kamili kwa umri gani, na kama kimethibitishwa kwa kukokotoa tu au kwa kulishwa mbwa. Jaribio la AAFCO la mbwa wazima ni la mbwa 8 kwa majuma 26. Ni dogo, nami silioni kuwa dhamana, lakini linamhusisha mbwa mwenyewe. Kisha chakula kipya kichanganywe na cha zamani kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Anayebadilisha ghafla na kumwona mbwa akiharisha hukilaumu kiambato cha kwanza kwenye mfuko mpya, wakati kosa huenda ni la haraka.

Na kama shaka ni mzio, viambato vinavyotajwa zaidi katika mbwa waliopimwa ni nyama ya ng'ombe, maziwa na kuku, vikiitangulia ngano. Hapo pia orodha haitoshi, kwa sababu tafiti kadhaa zimekuta katika vyakula vya kuuzwa nyama za wanyama wasiotajwa kwenye lebo, huenda ni mabaki ya mtambo mmoja unaotumika kwa bidhaa nyingi. Daktari wa mifugo atamlisha mbwa protini moja asiyowahi kula, kwa takriban majuma manane, kisha atamrudishia chakula cha zamani kuona kama kujikuna kutarudi.