Wamezijaribu kwa Nani?

Babu yangu alipoambiwa kwamba saratani ya figo imeshafika mapafuni, hakuuliza amebakisha muda gani. Tulikuwa Dar es Salaam, tumevuka bahari kutoka Mkoani, na daktari alikuwa akitueleza kuwa siku hizi ugonjwa huo hutibiwa kwa dawa mbili kwa pamoja. Babu akauliza, "Wamezijaribu kwa nani?"

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, kwa hiyo swali lile nililichukua mimi. Jibu fupi ni kwamba zilijaribiwa kwa wagonjwa 1,096 katika nchi 28, na Tanzania haimo. Kwa kura, kundi moja lilipewa nivolumabu na ipilimumabu, dawa zinazoamsha kinga ya mwili; jingine likapewa sunitinibu, iliyokuwa tiba ya kawaida. Matokeo yalichapishwa 2018. Kati ya wagonjwa wenye hatari ya wastani au kubwa, asilimia 75 ya waliopata dawa mbili walikuwa hai baada ya miezi 18, na asilimia 60 ya wale wengine.

Jibu refu linaanzia Kampala. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, alioneshwa mtoto aliyevimba taya kulia na kushoto. Kwa uvimbe ule kisu hakikufaa, na mashine ya mionzi Uganda haikuwepo. Akajaribu dawa, na baadhi ya watoto wakapona. Sipendi kuisifu dhiki, lakini ndiyo iliyofungua njia.

Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, chini ya Mmarekani John Ziegler. Ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mwaka 1972, chini ya Idi Amin, Ziegler aliondoka na Charles Olweny, Mganda, akashika uongozi. Hapa ndipo ninapokwama kila nikisoma. Nje watu wanapotea. Ndani, Olweny na wenzake wanagawa wagonjwa kwa kura, hawa dawa moja, hawa mchanganyiko, kisha wanawafuatilia vijijini kujua nani yu hai. Mwaka 1974 walichapisha jaribio la aktinomisini, vinkristini na dawa ya tatu dhidi ya saratani ya Kaposi.

Dawa zile hazifui dafu mbele ya saratani ya figo ya mtu mzima. Namna ya kuuliza, hata hivyo, ni ileile.

Nilimsimulia babu haya melini tukirudi. Bei ya dawa zake mbili daktari alikuwa ameiandika kwenye kikaratasi, na babu alishaipigia hesabu kwa magunia ya karafuu. Shamba zima lisingetosha. "Kumbe huku kwetu walikuwa wakijaribu," alisema.

Meli ilipofunga gati Mkoani, kikaratasi kilikuwa kimekunjwa mfukoni mwa kanzu, naye alitaka kujua wale watoto wa Kampala waliopona sasa wana umri gani. Nikahesabu. Walio hai wamepita sitini, karibu rika lake.