Samadi Iliyobaki Mahameni

Historia ya Operesheni Vijiji huelezwa kwa hesabu ya watu waliohamishwa. Kwetu Singida, mimi huisoma kwenye udongo.

Zamani Wanyaturu waliishi kwenye matembe yaliyotawanyika, kila kaya na zizi lake. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na udongo wa kichanga huchoka upesi. Uwele na mtama vilistawi kuzunguka nyumba kwa sababu ng'ombe walilala hapo miaka nenda rudi.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Nia ilikuwa kusogeza shule, zahanati na maji karibu na watu. Vyombo vilihamishika, rutuba ya zizi ilibaki mahameni.

Sasa mimi na mke wangu tunajenga kwenye hame la bibi na kupanda miembe na mipapai. Kiangazi, siku yetu ni maji: watoto hubeba madumu, mama yao hutandaza majani makavu kwenye mashina, mimi huchimba mashimo. Pale zizi lilipokuwa, udongo bado ni mweusi, na miche ya hapo imeipita mingine.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu kijiji kutoa hatimiliki ya kimila. Tumeomba. Bibi hukagua miche kila asubuhi, kisha huuliza kama karatasi imetoka.