Kilwa ya Ziwa Mweru: Historia ya Kufundishia Aya ya Uchambuzi

Mwanafunzi wa Kiswahili akilisikia jina Kilwa huwaza mara moja Kilwa Kisiwani, magofu ya msikiti mkuu, na ziara ya Ibn Battuta ya mwaka 1331. Ni wachache wanaofahamu kwamba ipo Kilwa nyingine, iliyo karibu katika latitudo ile ile lakini zaidi ya kilomita 1,100 kuelekea magharibi. Hiyo ni Kilwa ya Ziwa Mweru, kisiwa kilicho katika wilaya ya Nchelenge, Zambia. Ng'ambo ya pili ya maji, upande wa Kongo, upo pia mji uitwao Kilwa. Makala haya yanaitazama historia ya ufuko huo kwa jicho la mwalimu wa insha, kwa sababu mambo yaliyotokea huko mwaka 1867 yameandikwa na watu zaidi ya mmoja, na mmoja wao aliandika kwa Kiswahili.

Malalamiko ya walimu wa sekondari tunayajua. Mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne huulizwa swali linaloanza na "jadili" au "tathmini", naye hujibu kwa kusimulia. Dawa inayotolewa siku hizi ni kanuni ya hatua nne: hoja, ushahidi, maelezo, kiungo. Kanuni hii si mbaya, na mwanafunzi aliyekuwa akiandika ukurasa mzima bila kugawa aya hunufaika nayo. Ila huzaa aya zenye umbo bila fikra. Hoja hutajwa, mfano mmoja hubandikwa chini yake, kisha hufuata sentensi ya "hivyo basi" inayorudia hoja ile ile. Kwa maoni yangu tatizo liko kwenye ushahidi tunaowapa. Ushahidi ambao haugongani na kitu chochote haumlazimishi mtu kufikiri. Tumpe mwanafunzi mashahidi wawili wasiosema jambo moja, ndipo atakapokuwa na la kuchambua.

Turudi basi kwenye mwaka 1867. Kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru iko nchi ya Itabwa, ambayo wakati huo ilitawaliwa na Nsama, mtu aliyeogopwa na wafanyabiashara wa pwani kwa kuwa alikwisha kuwashinda baadhi yao na kuchukua mali zao. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alifika huko akitafuta pembe za ndovu. Ugomvi ukazuka, yeye mwenyewe akajeruhiwa kwa mishale, lakini bunduki zikashinda na mji wa Nsama ukatekwa. Kwa hesabu yake mwenyewe alipata pembe zinazokaribia frasila elfu mbili. Utajiri wake mkubwa ulianzia hapo.

Miezi hiyo hiyo David Livingstone alikuwa katika nchi ile, akielekea Mweru na kwa Mwata Kazembe. Vita vilimzibia njia. Alikaa zaidi ya miezi mitatu katika kijiji cha Chitimba, akingoja wafanyabiashara na Nsama wapatane. Tarehe 29 Julai alikutana na Tippu Tip, naye ameandika zawadi alizopewa: mbuzi, kitambaa cheupe, shanga na nafaka. Suluhu ilipopatikana ilitiwa muhuri kwa ndoa, binti wa Nsama akaolewa na mmoja wa wafanyabiashara wale. Ndipo Livingstone alipoendelea na safari. Aliliona Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867 na kufika kwa Kazembe kabla mwezi haujaisha.

Sasa tuwaangalie mashahidi wenyewe. Livingstone aliandika shajara yake njiani, siku kwa siku, lakini kitabu tunachokisoma kilitoka mwaka 1874, baada ya kifo chake, kikiwa kimehaririwa na Horace Waller. Tippu Tip aliandika maisha yake akiwa mzee mjini Unguja, zaidi ya miaka thelathini baada ya vita, kwa Kiswahili na kwa hati za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha kwa hati za Kirumi mnamo 1902 na 1903, na W. H. Whiteley akayatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1967, katika jarida la Azania, mwanahistoria Andrew Roberts alilinganisha masimulizi ya watu hawa wawili ili kupanga miaka ya matukio ya Kazembe. Kazi hiyo ilihitajika kwa sababu kumbukumbu ya mzee haifuati kalenda.

Katika madarasa mengi ya Kiswahili Maisha ya Tippu Tip hutajwa kuwa miongoni mwa tawasifu za mwanzo katika lugha yetu, kisha tunapita. Ni hasara. Kitabu hicho ni chombo kizuri cha kuonyesha tofauti kati ya kusimulia na kuchambua, na tofauti hiyo inaanzia kwenye kitenzi. Masimulizi ya Kiswahili hubebwa na kiambishi -ka-. Kitendo kikianza kwa -li-, vinavyofuata hupangwa kwa -ka- kama shanga katika uzi. Mwanafunzi anayesoma habari za Nsama huandika hivi:

"Mwaka 1867 Tippu Tip alifika kwa Nsama. Watu wa Nsama wakampiga mishale, akajeruhiwa. Watu wake wakapiga bunduki, wakauteka mji. Akachukua pembe nyingi, akawa tajiri."

Hakuna kosa la sarufi hapo, na kama swali lingekuwa "simulia" ningempa alama nzuri. Lakini -ka- husema tu kwamba hili lilifuata lile. Haisemi kwamba hili lilisababishwa na lile, wala kwamba tuna shaka nalo. Kazi hiyo hufanywa na maneno mengine: kwa sababu, ingawa, ilhali, hata hivyo, endapo, na pia -nge- na -ngali-. Zoezi moja jepesi ni kumwambia mwanafunzi apigie mstari kila -ka- katika aya yake. Zikiwa zimejaa, ajue amesimulia. (Wapo watakaofuta -ka- zote na kuweka -li- mahali pake wakidhani wamemaliza kazi. Hao warudishiwe daftari.)

Tuchukue swali lenye ugomvi ndani yake: Je, Livingstone alifika Ziwa Mweru kwa msaada wa wafanyabiashara wa pwani? Aya ifuatayo inaweza kuandikwa na mwanafunzi mzuri wa kidato cha nne.

"Livingstone aliwategemea wafanyabiashara wa pwani ili afike Ziwa Mweru, ingawa wao ndio waliochangia kumchelewesha. Yeye mwenyewe anaorodhesha zawadi alizopewa na Tippu Tip mwezi Julai 1867, na Tippu Tip naye anasema kwamba mgeni huyo hakuwa na bidhaa wala chakula. Mashahidi hawa hawakuwa na nia moja. Mmoja aliandika mambo ya siku ile, mwingine alijisifu uzeeni kwa ukarimu wake. Kwa kuwa wanakubaliana bila kuigana, ushahidi wao una uzito. Hata hivyo, njia iliyohitaji msaada huo ilikuwa imefungwa na vita ambavyo Tippu Tip alipigana na Nsama. Bila vita hivyo, huenda Livingstone asingekaa miezi mitatu kwa Chitimba."

Tazama kazi ya kila sentensi. Ya kwanza ina "ingawa" ndani yake, na hiyo ndiyo inayoiokoa. Hoja isiyo na upande wa pili huwa ni taarifa tu. Ya pili inaleta ushahidi kutoka pande mbili. Katikati ndipo palipo na uchambuzi wenyewe, yaani kueleza kwa nini tuwaamini mashahidi hao juu ya jambo hili, na hapo ndipo wanafunzi wetu wengi huruka. Wao hudhani ushahidi ukishatajwa umejieleza. Neno "huenda" mwishoni nalo lina kazi, kwa sababu mwandishi anajua kwamba sasa amevuka mpaka wa kile kilichoandikwa. Kanuni ya hatua nne imo humo ukiitafuta, lakini sidhani kama aya hii ingepatikana kwa kuianza kanuni.

Bado kuna watu ambao hawajasema. Nsama hakuandika chochote. Wala hawakuandika wale waliopoteza nyumba mji ulipotekwa, au waliochukuliwa mateka na kupelekwa mbali. Mwalimu asiliache jambo hili kwa kuwa ni gumu kulitahini. Amwulize mwanafunzi: zile pembe zilibebwa na nani hadi pwani, na kwa nini mwenye kitabu hana haja ya kututajia majina yao? Aya inayojibu swali hilo itajengwa juu ya ukimya, na kuandika juu ya ukimya kunahitaji uangalifu kuliko kuandika juu ya maneno.

Upo ushahidi wa wenyeji pia, lakini nao una mwenyewe. Mwaka 1951 kilichapishwa kwa Kibemba kitabu Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, historia ya Walunda wa Kazembe iliyotayarishwa na Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, akisaidiwa na Padre Labrecque. Ian Cunnison alikitafsiri kwa Kiingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hii ni sauti ya ikulu. Washila, wavuvi waliokuwa ziwani kabla ya Walunda, wanaonekana humo kwa macho ya waliowatawala. Kisa mashuhuri cha Nachituti, mwanamke anayesemekana kuwakabidhi Walunda ardhi na maji baada ya kaka yake Nkuba kumwua mwanawe, kinaeleza nani ana haki ya ziwa. David Gordon aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 2006. Kwa darasa letu inatosha kuuliza swali moja: masimulizi hayo yanamfaa nani?

Kwa walimu watakaotaka kujaribu, napendekeza kuanza na jina lenyewe. Waambie wanafunzi waandike aya moja juu ya dai kwamba Kilwa ya Mweru iliitwa hivyo na watu wa pwani kwa kuikumbuka Kilwa yao. Wengi watakubali mara moja, kwa kuwa majina yanafanana na watu wa pwani walifika. Warudishe nyuma. Kufanana kwa majina kunathibitisha nini? Je, jina lilikuwapo kabla wageni hawajahamia kisiwani? Lina maana katika lugha za wenyeji? Tunajua kwamba katika miaka ya 1880 na 1890 kisiwa hicho kilikuwa makao ya mfanyabiashara aliyefahamika kwa jina la Shimba. Mwanafunzi atakayemtaja Shimba atakuwa ameeleza jinsi biashara ya pwani ilivyopata ngome ndani ya Ziwa Mweru, na hapo astahili alama zake. Kuhusu nani aliyekipa kisiwa jina, Shimba hathibitishi kitu, na aya ikilisema hilo waziwazi iongezewe alama.