Akiba ya Mtu Mdogo wa Busisi

Wasomaji wetu, mtu wa Busisi akitazama mashariki huona maji ya Ghuba ya Mwanza, na ng'ambo yake Kigongo. Kwa miaka mingi, kabla ya mabenki kufika Sengerema upande huu wetu, maji hayo ndiyo yaliyomtenga mkulima na benki. Kivuko kilidai nauli, gari la Mwanza lilidai nauli, na siku nzima ya kazi ilipotea. Basi mwenye shilingi chache za kuweka alizila njiani kabla hazijafika kwa karani.

Hapo kale Wazinza na Wasukuma waliweka akiba yao katika ng'ombe na ghala. Ng'ombe huzaa, nayo ni riba njema. Lakini sotoka ilipokuja haikubakiza kitu, wala huwezi kuuza mguu mmoja wa ng'ombe ukanunua daftari la mtoto. Sarafu zilipokuja, wengine walizifukia katika chungu. Ole wao, maana rupia ya Wadachi ilikoma kutumika baada ya vita kuu ya kwanza, na mwaka wa 1921 shilingi ikaanza kutolewa. Chungu hakikupata habari hizo.

Serikali ya Waingereza ilianzisha Benki ya Akiba ya Posta mwaka wa 1925. Lilikuwa wazo jema, kwani ilipokea fedha kidogo za watu wadogo, ambao mabenki makubwa ya biashara hayakuwa na haja nao. Walakini posta nazo zilikuwa mijini.

Ndipo pamba ilipobadili mambo. Wakulima wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, walichoka na mizani ya wanunuzi, wakaunda vyama vyao, na mwaka wa 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Sasa fedha zilimfuata mkulima kijijini. Lakini zilifika zote pamoja, majuma machache ya msimu, na mahali pa kuziweka hapakuwapo. Zikaenda katika nguo, mahari na pombe, na kabla ya mvua za pili watu walikopa tena kwa mwenye duka. Twadhani watu wengi waliitwa wapotevu ambao kosa lao lilikuwa kukosa sanduku tu.

Tarehe 6 Februari 1967 mabenki yalifanywa mali ya umma, na Benki ya Taifa ya Biashara ikaeneza matawi wilayani. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka wa 1976. Mwaka wa 1997 benki ile ikagawanywa, na NMB ikarithi matawi mengi ya wilayani. Hata hivyo tawi la wilaya si tawi la kijiji.

Lililovuka maji kwanza lilikuwa simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka wa 2007, ikafika Tanzania mwaka wa 2008, na duka la sabuni na chumvi likawa dirisha la benki. Uchunguzi wa FinScope ulionyesha kwamba mwaka wa 2017 watu wazima 65 katika kila 100 nchini walitumia huduma rasmi za fedha. Mwaka wa 2023 walikuwa 76.

Je, karibu ndiyo rahisi? La. Anayetoa shilingi elfu mbili kwa wakala hukatwa sehemu kubwa ya fedha yake kuliko anayetoa laki tano. Nauli ya kivuko imegeuka kuwa makato. Julai 2021 tozo ya serikali iliongezwa juu ya miamala ya simu, watu wakalalamika nchi nzima, na Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30.

Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa, urefu wake kilomita 3 hivi, na maji yale hayazuii tena. Wala vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo wanawake wengi wamo, havikulingoja. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu mbalimbali. Siku ya mkutano hufunguliwa mbele ya wote, fedha huhesabiwa kwa sauti, na anayeweka shilingi elfu moja huandikiwa elfu moja kamili.